Mwenye Habari ya Mwello

Asekenye alivuka mpaka saa tatu asubuhi kwenda kuuliza bei ya maharage upande wa Kenya, akakuta maneno yake yamemtangulia. Yalitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya kibanda cha Paddy, kijana wa fotokopi na picha za paspoti, yakimwagika barabarani kwa sauti isiyo yake. Foleni ya malori imefika kwenye kisima kilichofukiwa, ilisema spika, madereva wanalala chini ya magari yao kwa siku ya tatu, na mmoja wao, mtu wa makamo, anasema amesahau mlango wa nyumba yake umepakwa rangi gani.

Hilo la rangi ya mlango ndilo lililomsimamisha. Yule dereva alimwambia yeye, jana, akiwa amechuchumaa akichemsha chai kwenye kopo, na hapakuwa na mtu wa tatu. Asekenye aliliandika kwenye daftari, akalisoma redioni saa sita na nusu mchana, na leo linasemwa kana kwamba Paddy ndiye aliyekaa pale moshini macho yakimtoka machozi.

Haikuwa mara ya kwanza. Paddy alikuwa na ukurasa wake kwenye simu, aliouita Mpaka Leo, na watu wengi waliufuata, wengine wako mbali, Nakuru, Naivasha, hata Mombasa, watu wa huku waliokwenda kutafuta kazi na wanaotaka kujua nyumbani kumekuchaje. Aliandika pale, kisha asubuhi akasoma kwa spika ili wanaongoja picha zao wasichoke. Na alichoandika kilikuwa cha Asekenye, mstari kwa mstari.

Alisogea kibandani. Paddy alimwona, akapunguza sauti ya spika, akamvutia kiti, kwa maana alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama Prossy, karibu. Leo unataka picha?"

"Hiyo maneno ni yangu, Paddy."

"Ipi? Ya malori?" Alicheka kidogo. "Mama, malori yalikuwa barabarani. Barabara ni ya serikali."

"Wewe ulienda kuyaona?"

"Sasa niende kufanya nini, na wewe ulishaenda?"

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeshangaa kuulizwa kwa nini hakufagia uwanja ambao tayari umefagiwa. Kama angemtukana, Asekenye angejua la kumjibu. Aliuliza bei ya maharage, akaiandika, akavuka kurudi Uganda.

Redio Kizingiti ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, upande wa Uganda. Asekenye aliingia pale miaka tisa iliyopita kupeleka matangazo ya kanisa. Mumewe, Ojangole, alikuwa katekista, na alipofariki kazi ya kupeleka matangazo ilimwangukia mjane wake. Siku moja msomaji wa habari aliugua, wakamwambia mama, si unajua kusoma, soma. Alikuwa amemaliza darasa la saba tu, lakini alisoma taratibu, na watu wakapiga simu kusema huyo ndiye tunayemsikia. Tangu hapo Habari za Mpaka zilikuwa zake. Hakuwa na ujanja mwingi. Alikwenda mwenyewe mahali jambo lilipotokea, akauliza watu wawili wasiokula chungu kimoja, akaandika, akasoma.

Sasa meneja, ambaye jina lake ni Marion, alikuwa amemweleza wazi. Wafanyabiashara wanaotangaza redioni wanasema kila wanachosikia kwa Asekenye wanakiona pia kwa Paddy, tena kwa Paddy wanakisoma wakati wanaoutaka wao. Mwisho wa mwezi, kama Habari za Mpaka hazina kitu ambacho ni cha Redio Kizingiti peke yake, nusu saa ile itakwenda kwa Sandra na muziki wake. Marion hakusema kwa ukali. Naye alikuwa amechoka, alisema huku amefumba macho na vidole vikibonyeza paji la uso.

Ndiyo maana Alhamisi ile Asekenye alipanda kwenda Tororo na madaftari saba kwenye mfuko. Wakili Phillip alikuwa akikaa siku ya Alhamisi kwenye chumba cha parokia, akiwasaidia wajane na kesi za mashamba. Alipoambiwa kwamba leo mjane haleti shamba bali habari, alivua miwani akaifuta, akavaa tena.

Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba swali lake ni la zamani kuliko wao wote wawili, na kwamba watu wenye pesa kuliko yeye walishalipeleka mahakamani wakarudi wakijikuna vichwa.

Hapo kale, alieleza, magazeti yalinyang'anyana habari bila aibu, yaani ilikuwa ndiyo desturi yenyewe: gazeti linafika na meli au farasi, mhariri anachukua mkasi, anakata, anabandika kwake. Hakuna aliyelia sana. Kilio kilianza ilipokuja simu ya waya. Habari kutoka nchi ya mbali ililipiwa kila neno, halafu jirani akaipata bure kwa kununua gazeti moja asubuhi. Wenye magazeti wakaenda kwa watunga sheria. Huko Australia, wakati bado ni makoloni ya Waingereza, walipewa sheria: aliyelipia habari ya waya kutoka ng'ambo ni yake kwa muda wa saa ishirini na nne, wengine wangoje.

"Siku moja," alisema Asekenye.

"Siku moja, mama."

"Mimi ningetosheka na siku moja."

Phillip alitabasamu bila furaha. Akaendelea kwamba baadaye mataifa yalipokaa na kuandika mkataba wao wa kulinda vitabu na picha na nyimbo, ule wa Berne kule Uswisi, habari za siku zilitolewa nje. Walisema tukio ni la watu wote. Kilicho chako ni namna ulivyolisimulia, kama umelisimulia kwa namna yako. Na Amerika, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vikielekea mwisho, mashirika mawili ya habari yalishitakiana. Moja lilikuwa linasoma habari za mwenzake kwenye mbao za matangazo na magazeti ya alfajiri, linaziuza upande wa pili wa nchi kama zake. Mahakama ya juu ililizuia. Majaji wengi walisema habari ikiwa bado moto, mshindani hana haki ya kuvuna asipopanda.

Asekenye aliinua uso. "Hilo liko kwenye Mathayo."

"Liko kwenye Mathayo, na wao waliliweka kwenye hukumu."

"Basi nimeshinda."

"Hujashinda. Alikuwapo jaji mmoja aliyekataa. Alisema habari ikishatoka mdomoni ni kama hewa, kila mtu anavuta. Na miaka ilivyokwenda, mahakama za kwao zimesogea upande wa huyo mmoja. Halafu hukumu ya Amerika haitufungi sisi. Sheria yetu hapa, na ya Kenya pia, inalinda maandishi yako. Tukio halina mwenyewe."

Asekenye alitazama madaftari yake. Aliuliza sheria inasemaje juu ya miguu. Phillip hakuelewa. Akamfafanulia: kutembea mpaka kwenye kisima kilichofukiwa, kukaa kwenye moshi, kurudi. Hiyo kazi imeandikwa wapi?

"Miguu haimo, mama," alisema wakili.

Lakini maneno yamo, na Paddy alikuwa akichukua maneno. Wakakubaliana kuandika barua. Asekenye alipitia madaftari ukurasa kwa ukurasa, akataja habari kumi na nne ambazo aliziona neno kwa neno kwenye Mpaka Leo, na Phillip akazipanga na tarehe zake. Ya tisa ilikuwa Maziko ya Owori, Mwello. Chini kabisa iliandikwa kwamba habari hizo zote ni kazi ya Asekenye, zimetoka kwake na si kwa mtu mwingine, naye anadai zitambuliwe hivyo. Alitia sahihi kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama alivyofundishwa.

Paddy alipokea barua, akasema asante, akaiweka chini ya mashine ya fotokopi. Kwa siku kumi na mbili hakubadilisha kitu.

Siku ya kumi na tatu Marion alimpigia simu akiwa sokoni, akamwambia aje ofisini sasa hivi, na aje na madaftari.

Alipofungua mlango aliwakuta watu watatu pamoja na Marion. Paddy alikuwa amekaa karibu na dirisha, barua mkononi. Kwenye benchi, upande huu, alikaa Okia wa Mwello, mtu wa ukoo wa yule Owori wa maziko, ambaye Asekenye alimfahamu. Upande ule wa benchi, mbali kabisa, alikaa mwanamume mwembamba mwenye begi la mgongoni mapajani. Okia hakuwa anamtazama. Wala hakuonekana kama mtu aliyegombana naye. Alikaa tu kama anavyokaa mtu ambaye hajaruhusiwa kumsogelea mwenzake.

"Mama Prossy," alisema Okia, "huyu ndiye Owori."

Alimtazama Owori. Akakumbuka Mwello.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ndogo. Owori alikuwa ametoka nyumbani miaka kumi na moja nyuma, hajapiga simu, hajatuma salamu, waliotumwa kumtafuta walirudi mikono mitupu. Mama yake alikuwa mgonjwa, akaomba asife kabla mwanawe hajalazwa kaburini. Ukoo ukakaa, ukakubali kufanya wanavyofanya kwao mtu akipotea kabisa: wakakata mgomba, wakauvika shati lake la zamani, wakaufunga shuka, wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, wakauzika. Ibada ilifanywa, watu wakalia kweli, kwa sababu wanaolia hawalilii mgomba. Asekenye alisimama pale, kanga imelowa, akaona yote kwa macho yake. Na siku ile ya maziko hakuna anayetaja mgomba. Ukiutaja ni kama kumwambia mama mtu kwamba amezika chakula cha mbuzi.

Alirudi redioni Busia, pale mpakani, akasoma kwamba Owori wa Mwello amezikwa. Watu wa Mwello na Paya ya jirani walisikia wakaelewa, kwa maana walikuwapo. Paddy, ambaye hakuwapo, alikopi.

Owori alisimulia kwa sauti ya chini, na hakuharakisha. Alikuwa Naivasha kwenye shamba la maua. Kwa nini hakurudi miaka yote hiyo, hilo alisema ni lake na la mama yake. Alikuwa anafanya kazi vizuri. Mtu mmoja wa Busia, wa kikosi chao cha kukata maua, alikuwa akisoma Mpaka Leo kwenye simu, akaona jina, akaona kijiji, akaona jina la baba. Mwili wa marehemu Owori umezikwa. Akamwonyesha nyapara. Nyapara akauliza, kama Owori amezikwa Uganda, huyu anayetumia kitambulisho chake ni nani? Walimpeleka polisi akalala siku mbili. Alipotoka, kazi haikuwapo. Aliambiwa kwamba wale waliosoma amekufa wakisoma palepale kwamba yu hai, labda kurudishwa kwake kazini kutazungumzwa.

"Nilikwenda kwa huyu kijana," alisema, akimwonyesha Paddy kwa kidevu. "Nikamwuliza nani amesema nimekufa. Akanionyesha barua."

Paddy aliinyoosha ile barua kwenye goti. Hakuwa na dharau safari hii, alionekana mdogo. "Mimi sikatai nilikopi," alisema. "Lakini mama ameandika hapa, namba tisa, kwamba hii habari ni yake na imetoka kwake. Ametia sahihi. Sasa kama ni yake, basi ni yake yote."

Marion alisimama, akamwomba Asekenye watoke kidogo. Kwenye ngazi, juu ya kelele za vipuri, alizungumza haraka. Barua inasema Maziko ya Owori, Mwello, haisemi maneno yenyewe. Redio haina rekodi za mwezi wa tatu, mashine ilikufa zikapotea. Kama Asekenye alisema amezikwa tu, bila kusema mwili, basi hakusema uongo, kwa sababu mgomba ulizikwa kwa jina lake. Neno mwili ndilo lililompeleka mtu polisi. Liwe ni la Paddy. Akibebeshwa yeye, ukurasa wake umekwisha, hakuna atakayeuamini tena, na Habari za Mpaka zitabaki saa sita na nusu na Asekenye atabaki nazo.

"Ulisema mwili?" aliuliza Marion.

"Sikusema," alijibu Asekenye, na aliamini hivyo. Alikuwa pale kaburini. Alijua hapakuwa na mwili. Mtu anawezaje kusema kitu ambacho ameona hakipo?

"Basi sema hivyo huko ndani, na tumalize."

Walirudi. Asekenye aliketi, akatoa daftari la mwezi wa tatu ili awasomee. Alilamba kidole, akafungua, akapata tarehe. Mwandiko wake ulikuwa umelala upande, kama ulivyokuwa akichoka. Siku ile alitoka Mwello kwa miguu hadi barabara kuu ndipo akapata pikipiki, na kulikuwa na maziko mengine mawili ya kuandika. Yote matatu aliyaanza kwa namna moja, namna aliyoanzia maziko kwa miaka tisa, bila kufikiri, kama mtu anavyofanya ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa. Mwili wa marehemu. Mwili wa marehemu. Mwili wa marehemu Owori wa Mwello umezikwa leo nyumbani kwake mbele ya ndugu na jamaa.

Aliyasoma mara mbili kwa macho. Hakuna aliyekuwa karibu wa kuona. Paddy alikuwa anatazama sakafu. Marion alikuwa anamtazama yeye, na katika uso wake kulikuwa na jambo kama ombi. Daftari lilikuwa lake, mkono ulikuwa wake, na lingefungwa lisifunguliwe tena mpaka panya walimalize. Aliona nusu saa yake ya mchana, ile taa nyekundu ikiwaka, kile kiti kilichopinda ambacho alikijua kwa mgongo. Alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe neno, na neno lililokuja lilikuwa lilelile lililoandikwa.

"Ni mimi nilisema mwili," alisema.

Marion aligeuza uso.

"Iko hapa. Niliandika na mkono wangu, nikasoma na mdomo wangu. Paddy alichukua kama ilivyo. Mimi nilikuwepo pale, nikaona mgomba, nikaandika mwili. Nilichoka, nikaandika kama ninavyoandika ya wengine." Alimgeukia Owori. "Ndugu yangu, nisamehe. Na tena kuna lingine. Tangu mwezi wa tatu nakuombea pumziko la milele, kila jioni, na jina lako nalitaja."

Owori alimtazama. "Basi ndiyo maana nimechoka hivi," alisema.

Okia alicheka bila kutaka, akaziba mdomo, kwa sababu hakujua kama inafaa kucheka na mtu ambaye alimrushia udongo kaburini. Hata Paddy alicheka. Kisha Okia akaeleza mambo ya nyumbani. Wazee wamekubali. Kaburi litafunguliwa, mgomba utatolewa, Owori hatapita kwenye lango mpaka yatakapofanywa yanayotakiwa, na mpaka hapo hakuna wa ukoo atakayempa mkono. Mama yake bado yuko. Ameambiwa. Amesema wamwache kwanza alale, akiamka watamwambia tena aone kama ni kweli. Hayo yote yatachukua siku. Lakini Naivasha hawajui mambo ya lango, wanataka kusoma.

Asekenye alisema atasoma masahihisho kesho, saa sita na nusu, yawe ya kwanza kabisa.

Marion alikataa. Hakukataa mbele ya watu, alingoja waondoke kushuka ngazi, akamshika Asekenye kiwiko. Redio haiwezi kusimama na kusema ilimzika mtu aliye hai, alisema. Wenye matangazo watakimbia wiki hiyohiyo. Kesho atasoma Sandra, na kesho kutwa, na baadaye wataona. Alisema pole, na Asekenye aliona kwamba pole ile ilikuwa ya kweli, na kwamba haikubadili lolote.

"Ulikuwa umeshashinda, Mama Prossy," alisema Marion. "Ulihitaji kunyamaza tu."

"Najua."

Alichukua mfuko wake. Hakuwa na kitu kingine pale, isipokuwa kikombe, akakiacha.

Chini barabarani Okia alikuwa amepanda pikipiki kurudi Mwello, na Owori na Paddy walikuwa wamesimama wakimngoja, kila mmoja akitazama upande wake. Asekenye aliwaambia redio imekataa, wakavuka mpaka wote watatu kwenda kibandani. Pale ukaguzini ofisa aliangalia kitambulisho cha Owori, akaangalia uso wake, akakirudisha bila neno, na Owori akashusha pumzi kana kwamba alikuwa ametua gunia.

Kibandani Paddy alizima spika. Alikaa na simu, akasema yuko tayari, akaanza kuandika mwenyewe. Alisoma alichoandika: maajabu ya Mwello, mtu afufuka baada ya miezi kadhaa kaburini. Asekenye alimwambia afute.

"Watu watasoma hiyo, mama. Ile ya kawaida watapita."

"Aliyefufuka ni mmoja tu. Huyu hakufa. Futa."

Alifuta. Asekenye akafungua daftari juu ya mashine ya fotokopi, akaandika kwanza kwa kalamu, akakata, akaandika tena. Ilimchukua muda. Owori alikunywa maji. Kisha akaanza kumsomea Paddy taratibu, kama alivyokuwa akiwasomea watoto wa mafundisho ya dini, maneno matatu matatu, akingoja kidole kimalize. Owori wa Mwello yu hai. Hakuzikwa. Kilichozikwa mwezi wa tatu ni mgomba, kwa desturi ya ukoo wake, kwa sababu alikuwa amepotea. Habari iliyosema mwili wake umezikwa haikuwa kweli.

"Pole pole mama, umenipita. Umesema haikuwa kweli?"

"Haikuwa kweli. Weka nukta."

Miezi yote Paddy alikuwa akikopi bila kumwuliza hata koma, na leo aliuliza kila kitu: tarehe, jina la baba, kama mgomba uandikwe au aseme tu shina. Asekenye alimjibu kimoja kimoja. Aligundua kwamba anaogopa, si kwamba Paddy atachukua, bali kwamba ataruka neno.

Paddy alipofika mwisho aliinua kichwa. "Na hapa? Nani alisema kwanza? Nikiacha hivi watafikiri ni mimi."

"Wewe ulisema pia."

"Nitaandika na mimi. Lakini nikuweke?"

Alikuwa amelitamani jambo hilo kwa muda mrefu, jina lake chini ya habari yake, kwenye ukurasa wa Paddy, watu wa Nakuru na Mombasa walione. Alipanda hadi Tororo na madaftari saba kwa sababu ya jambo hilo.

"Niweke," alisema. "Andika, ilisemwa kwanza na Asekenye, aliyekuwepo."

Paddy aliandika. Owori aliomba simu, akasoma yote, midomo ikitembea. Akasema Owori wa Mwello ni wengi, waongeze jina la mama yake. Wakaongeza. Halafu Paddy akasema Naivasha hawataamini maneno matupu, walishaamini maneno mara moja. Akamketisha Owori kwenye stuli ya picha za paspoti, mbele ya kitambaa cheupe, akamwambia ainue kidevu na asicheke.

"Sina mpango wa kucheka," alisema Owori.

Asekenye alinyoosha mkono kumtengeneza kola iliyokunjika, akakumbuka mambo ya mkono, akasita. Kisha akakumbuka kwamba yeye si wa ukoo wao. Akaitengeneza.

Paddy alipiga picha, akaibandika juu ya maneno, akabonyeza. Mtandao ulikuwa mzito mchana ule. Kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikasimama, kikaanza upya. Wote watatu waliinama juu ya simu ile moja, na hakuna aliyesema anakwenda.